Kisu cha Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Chanzuru tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna mahindi. Umeuliza ununue kisu gani cha nyama kwa mgahawa wako wa Mikumi.

Enzi za kijiji cha ujamaa, kila sherehe aliitwa mke mwenzangu, Mwanahawa, kukata nyama. Babu yako alimsifu mbele yangu. Wivu ukanichoma, nikaenda Kilosa mjini kununua kisu kikubwa kinachong'aa kuliko chake.

Sherehe iliyofuata nilimtangulia jikoni. Mafuta ya nyama yalipojaa mkononi, mpini wa plastiki uliteleza, nikajikata kidole. Mwanahawa alichana kanga yake akanifunga.

"Shika changu, dada," akasema. "Mpini wa mti hautelezi. Maliza wewe, mimi nitaangalia wali."

Wageni wakanisifu mimi, naye akaendelea kupakua wali bila kudai sifa. Hapo nilimwonea wivu zaidi ya mwanzo, kwa moyo wake ule.

Basi usitazame kung'aa. Paka mafuta kiganjani, ushike mpini, ukitulia bila kuteleza, nunua.

Mwanahawa alifariki sijamwambia ahsante. Nilishindwa kwa wivu tu.

Bibi yako,
Mwanaidi