Kola Yenye Muhuri

Jumatatu, 12 Mei

Mjinga wewe! Nimemwambia hivyo hivyo, usoni, na sijutii. Miaka kumi na tisa, anataka chuo kikuu, na karatasi mbili tu za fomu zimemshinda kutunza. Ya kwanza ipo, ina picha yake. Ya pili haipo. Na hiyo ya pili ndiyo yenye muhuri wa shule na sahihi ya mkuu — bila hiyo hasajiliwi kwenye mtihani wa kuingia chuo. Mwisho Ijumaa saa kumi.

Anasema Jumamosi aliziweka zote mbili kwenye meza yangu ya kukatia, chini ya pasi. Chini ya pasi! Meza ile ni ya vitambaa, si posta. Tumepindua magodoro, tumesogeza kabati. Hakuna kitu. Msomi — ndivyo ninavyomwita mjukuu wangu akiniudhi, na akinifurahisha pia — akaanza kulia. Nikamwambia machozi hayana muhuri. Akarudi kwenye maswali yake ya hesabu, saa ya jikoni mbele yake, anajipima dakika kama kawaida. Lakini kila jibu aliloandika alilikata. Niliona.

Atajifunza. Mtu mzima hutunza vitu vyake.

Jumanne, 13 Mei

Leo mjinga ni mimi.

Kidole aliingia saa nne asubuhi kuazima kipimo cha kola, ile karatasi tunayoifuatisha tukikata kitambaa. Ni fundi mwenzangu wa mlango wa pili. Jina hilo alilipata siku aliyojishona kidole pamoja na suruali ya mteja. Nikampa kipimo nilichokikata Jumamosi kwa ajili ya sare za wauguzi. Akakigeuza. Akacheka mpaka akashika mlango. Eti, bi mkubwa, siku hizi kola zako zinapitishwa na mwalimu mkuu?

Nilidhani ni utani wake ule ule. Nikamnyang'anya. Nikakisogeza mbali, nikakisogeza karibu. Duara la bluu — nusu yake. Ncha ya kola imelipasua katikati kabisa.

Karatasi ilikuwa nzuri! Ngumu, nyeupe, upande mmoja mtupu. Mimi sipiti karatasi nzuri nikaiacha: kalenda za zamani, mabango ya uchaguzi, maboksi ya viatu, vyote hukatiwa vipimo. Nikaikunja, nikapitisha mkasi. Bila miwani. Miwani ipo kwenye droo. Msomi mwenyewe ndiye aliyenipeleka kupimwa macho, akanisimamia mpaka mwisho, nami nimeivaa mara moja tu. Fundi niliyewafundisha nusu ya mafundi wa mtaa huu nikae na vioo usoni kama karani! Kiburi hicho. Hakuna sababu nyingine.

Nikamwapisha Kidole asiseme. Akaniuliza, sasa utamwambia mwenyewe? Nikamwambia akashone suruali zake.

Jioni mtoto ananiuliza: Bibi, umeangalia na kwenye vitambaa? Nikasema nimeangalia. Si uongo. Nimeangalia kweli.

Jumatano, 14 Mei

Alikwenda shuleni peke yake. Mkuu kasafiri, atarudi wiki ijayo. Muhuri umebaki kwa makamu wake, na makamu amekataa kugonga fomu nyingine. Anasema fomu ya mwanafunzi hugongwa mara moja tu, maana mwaka jana kuna waliouza fomu zao kwa watu wa nje. Akamwuliza, mbele ya wenzake, wewe yako umemwuzia nani?

Amemwuzia nani! Mtoto huyu, ambaye kifungo cha mteja kikidondoka mlangoni hukimbia nacho barabarani kumrudishia!

Nilinyanyuka niende nikampashe makamu huyo. Nikavaa kiatu kimoja. Halafu nikakumbuka nani hasa wa kupashwa. Nikavua.

Hakula. Nikamkaripia kwa kutokula. Sijui kwa nini mdomo wangu ukiwa na kosa ndiyo huzidi kuwa mkali.

Alipokwenda kuchota maji nilifukua kikapu cha mabaki. Nimepata vipande vitatu. Kimoja kina mkia wa sahihi. Nimevificha ndani ya kopo la vifungo, chini ya vile vyeusi. Nitamwambia kesho. Akishatulia.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi Msomi alikusanya maswali yake yote ya miaka iliyopita. Akayafunga kwa ukanda wa kitambaa, akayaweka juu ya kabati. Akakaa kwenye cherehani ya pili. Akashona kola tatu mpaka saa sita, zimenyooka kuliko zangu.

Na mimi — naandika kwa sababu hili daftari hakuna wa kulisoma — mimi niliona raha. Moyo ulikaa chini kabisa, kama mtu aliyetua mzigo. Nikawaza, basi, atabaki. Atanitungia uzi kwenye sindano. Hatakwenda mji wa mbali, nikabaki na redio. Nikawaza hata rangi ya kupaka kile kibao cha nje: Bibi na Mjukuu.

Mungu anisamehe. Mtoto anazikwa mbele yangu, nami nachagua rangi.

Saa nane ikalia simu. Mama yake, binti yangu, kutoka huko anakofanya kazi. Huyo naye nilimtoa shule akiwa darasa la saba. Nilipata zabuni ya sare, nikamwambia njoo unishikie mashine mwezi mmoja. Hakurudi tena darasani. Hajawahi kunilaumu, na ingekuwa afadhali anilaumu.

Aliongea na mwanawe, kisha akaomba anipate. Hakugomba. Aliuliza tu: Mama, karatasi inapoteaje kwenye nyumba ya vyumba viwili?

Nikasema sikusikii, mtandao unakatika. Nikakata.

Nikageuka. Mtoto ameinamia cherehani, utepe wangu wa kupimia uko shingoni mwake. Hivyo hivyo mama yake alivyouvaa! Upande ule ule!

Nikafungua kopo. Nikamwaga vifungo mezani, nikaviokota vile vipande, nikaviweka mbele yake. Na kola, muhuri juu. Nikasema, ni mimi.

Akavua utepe, akaukunja vizuri nilivyomfundisha, akauweka chini.

— Umejua tangu lini, Bibi?

— Juzi.

Akatoka nje. Hakubamiza mlango. Heri angeubamiza!

Ijumaa, 16 Mei

Naandikia kwenye benchi, nje ya ofisi ya makamu. Daftari hili halijawahi kutoka nyumbani.

Asubuhi niliishona ile karatasi kwa cherehani. Mshono mrefu, uzi mweupe, polepole isichanike. Duara la muhuri limekutana. Kimekosekana kipande kimoja, ukubwa wa ukucha, kwenye sahihi. Njia nzima Msomi ametembea hatua tatu mbele yangu, lile furushi la maswali kwapani. Sikumwita apunguze mwendo. Nilistahili kuhema.

Makamu aliigeuza geuza karatasi. Akapitisha kidole kwenye mshono. Nikamwambia mtoto hakuuza kitu, mwizi wa fomu ni mkasi wangu, na ulichomwambia mbele ya wenzake utakuja kukimeza. Akasema, mama, punguza sauti. Nikapunguza.

Anataka barua. Aliyeharibu aandike kwa mkono wake, aeleze, atie sahihi. Ndipo atafikiria kugonga upya. Hakusema atagonga. Atafikiria! Akanitazama nilivyo, akaongeza kwamba kama sijui kuandika, mjukuu aandike, mimi niweke dole gumba.

Na kweli, mtaa mzima unajua sijui kuandika. Vipimo vya wateja navihifadhi kichwani, kwenye karatasi nachora vijistari tu. Nimewaacha waamini hivyo. Herufi nilizijua kwa kufuatisha madaftari ya darasa la kwanza ya mtoto huyu, wakati yuko shule, mlango nimeufunga. Mtu mzima kama mimi, kuonekana nahangaika na herufi! Afadhali waseme sijui.

Tulipotoka Msomi akatoa kalamu. Neno lake la kwanza tangu jana: Haya, sema, naandika.

Nikakataa. Nikatoa daftari kwenye mkoba.

Yuko hapa ubavuni, ameona kurasa zote hizi zilivyojaa. Uso umembadilika, sijui ni hasira au nini. Tangu lini unaandika, Bibi? Jana tangu lini, leo tangu lini.

Saa tano na nusu. Saa sita makamu anatoka, na ofisi ya usajili iko mbali. Mkono wangu ni wa konokono, na barua lazima isomeke.

Basi. Msomi, fungua maswali yako, jipime dakika, acha kunichungulia. Na wewe, kizee mwenye kiburi: toa miwani, vaa. Chana ukurasa safi. Anza na yale maneno ya jana — ni mimi.