Kuku wa Mama Haombwi kwa Kifaransa

Baba Neema mpenzi,

Mko salama huko Mombasa? Mimi hapa Kakamega mvua na njaa vilinipata pamoja. Juzi nilimwonyesha mama yako lugha tulizolenga kujifunza mwaka huu: Kifaransa, Kichina na Kijerumani. Akafunika sufuria ya kuku. "Na Kiluhya je? Hapa kwangu ingokho tunaombanga na Kiluhya."

Nikajifunza haraka! Leo nimeomba bila kukosea, akanipa firigisi, ile anayokuwekea wewe peke yako. Kichina nimeshakifuta. Mama anasema kufikia Krismasi nitaelewa kila kitu, hata yale mnayozungumza naye kwenye simu nikiwa nimekaa kando yako. Mbona unatokwa jasho, mume wangu?

Nibusie mwanetu.

Wako, bado kwa Kiswahili,
Mama Neema