Gololi Zako Ndani ya Chupa ya Dawa

Njeru, ndugu yangu,

Muga. Najua ungesema, "Wewe Mmeru, salamu zako ni kama mtu anayebisha hodi kwa jiwe." Ipokee hivyo hivyo.

Studio yetu bado iko pale juu ya duka la mbegu, lakini Meru nzima imeingia rangi. Mteja akimaliza ngazi anauliza, "Hapa mna picha za rangi?" Namjibu hapa tuna nyeusi na nyeupe, kama Biblia. Anashuka. Yule muuzaji wa Nairobi naye ameacha kuleta unga wa kuchanganyia dawa ya kuoshea filamu.

Lakini si hayo yaliyonikalisha chini kukuandikia. Ni sura yako.

Unajua tulikuzika na picha ya kitambulisho? Mtu aliyepiga harusi zote kutoka Ruiri mpaka Kibugu, watu wanamuaga akiwa ametoa macho kama mwizi wa kuku kituoni! Na ni wewe ulijitakia. Kila nikishika kamera, "Usiharibu filamu, mganga hajigangi." Haya. Baada ya mazishi mke wako aliniita kando. Hakulia, heri angelia. Akaniambia, "Baba Kendi, huyu Wanja hata meno hajaota. Siku akiniuliza baba yake alikuwaje, nimwonyeshe hiki kitambulisho?"

Mimi, unaujua huu mdomo, mimi niliyefika Kampala na Moshi juu ya lori la viazi, niliishia kuomba maji ya kunywa.

Ndipo nikakumbuka. Ndani ya kamera yako kulikuwa na filamu bado. Na siku ile kule kwenu Kibugu, ulipowapiga picha wanakwaya kwenye shamba la chai, uliinama kufunga kamba ya kiatu, nikainyakua kamera, nikakubonyeza. Moja tu. Ukanikimbiza kwenye chai mpaka kwaya ikasahau wimbo. Wiki mbili baadaye ile homa ikakuchukua.

Kwa hiyo uko ndani ya hiyo filamu, na filamu huoshwa mara moja tu. Dawa ikiwa mbovu, umekufa mara ya pili.

Unga wa mwisho nilikuwa nimeshauchanganya. Na niliuchanganya vizuri, usinitazame hivyo! Maji ya mvua, nikachemsha, nikangoja yapoe mpaka kidole kivumilie. Unga wa metoli kwanza, halafu ule wa salfaiti, maana ukitanguliza salfaiti, metoli inagoma, inabaki madonge kama uji uliokosa mwiko. Shule niliaga darasa la sita lakini hiyo kemia naijua kuliko Baba Yetu. Kuweka ndiko kulinishinda. Nilimimina kwenye jerikeni, ikajaa nusu tu, nikafunga nikaenda Ruiri kwa mambo ya ng'ombe. Kurudi, dawa imekuwa strungi, chai isiyojua maziwa.

Nikakata ule ulimi wa filamu unaobaki nje, usio na picha, nikatumbukiza kipande mchana kweupe. Ulinifundisha: dawa nzima hukifanya cheusi kama sufuria ya shule. Kilitoka kijivu, Njeru. Kijivu cha majivu. Hewa ilikuwa imeila dawa yote.

Nilikaa sakafuni. Halafu, nyuma ya ndoo, nikaiona ile chupa yako ya bia.

Nilivyokucheka na hiyo chupa! Mzee wa kanisa na chupa ya bia, na ndani yake gololi za watoto. Watoto wa Ruiri walijua wakikuletea gololi utawapiga picha. Mama zao wakadhani umerukwa na akili. Ukimimina dawa kidogo ya kutumia, unaangusha gololi mpaka dawa inapanda tena shingoni, unafunga, unamwagia nta ya mshumaa. Ukasema, "Hewa ni mgeni wa harusi ambaye hakualikwa. Ukimwachia kiti, atakaa na atakula. Mjazie kiti."

Nikabandua nta. Dawa ilikuwa safi, unaona gololi mpaka chini. Nikatumbukiza kipande kingine cha ulimi. Kikawa cheusi tititi.

Ilikuwa inatosha filamu moja. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikaizungusha filamu ndani ya dawa gizani, kama mtu anayeiba sadaka. Dakika nilizipima kwa njia yako, kwa wimbo wa kanisa, beti zote na kiitikio. Unajua sauti yangu. Mwenye duka la mbegu aligonga dari kwa ufagio. Niliendelea.

Kwaya imetoka yote, hadi yule wa besi aliyesinzia. Na mwisho kabisa, wewe. Haikunyooka sana, nikubali, mkono ulitikisika. Mwambie anayeuliza kwamba Kampala ndivyo wanavyopiga. Umeinua uso kutoka kwenye kiatu, mdomo wazi, kiganja umekinyoosha kuizuia kamera, na unacheka, mnafiki wewe.

Nilikupeleka Kibugu ndani ya fremu. Mama Wanja alitazama, akaanza kucheka kabla hajalia. "Ndiye," akasema. "Hapa anakutukana." Wanja alikuwa mgongoni. Akatoa mkono kwenye leso, akaubandika kwenye kioo, juu ya kile kiganja chako.

Nilitoka nje kutazama chai. Sikuwa nalia. Kibugu kuna baridi, macho yanatoa maji.

Sasa chupa imebaki gololi tupu. Nitazunguka Embu nzima nikitafuta unga, na nikiukosa nitaingia rangi kama wengine, sitakudanganya. Lakini gololi nimeziosha, nimezifunga kwenye kitambaa. Ni za Wanja, siku akifika umri wa kutomeza kila kitu. Mimi mwenyewe nitamfundisha kuzitumia, na sitaiacha nafasi yako ikae wazi pale nyumbani kwako. Siwezi kuijaza yote. Nitaangusha moja moja.

Pumzika, Mwembu. Na huko uliko, mtu akishika kamera, simama wima.

Wako,
Baba Kendi