Fundi wa Landrova ya Baba

Jumatatu, 5 Agosti
Nimepangusa Landrova kama kila wiki. Kuku ametaga tena kwenye kiti cha nyuma. Macho ya baba yanazidi kufifia. Anataka kupanda gari lake mara moja tu kabla hayajazima kabisa. Kaka Hamisi anataka tuliuze kama chuma chakavu. Nimekataa. Natafuta fundi.

Jumatano, 7 Agosti
Fundi wa kwanza, hapa hapa Rasbura. Gereji safi, maneno matamu. Kila nilichouliza: "Hakuna shida, dada." Anataka kung'oa injini ya zamani abaki nayo, aweke nyingine. Nilibonyeza ubavu wa gari alilolimaliza juzi. Rangi ikapasuka. Chini kutu tupu. Nimeondoka na hasira.

Jumapili, 11 Agosti
Somanga. Fundi Selemani, mzee mkavu, hacheki. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba," macho yakiwa kwenye picha za Landrova nilizomletea. Niliomba majina ya wateja wake.
"Nikikupa walioridhika watanisifu tu, mwanangu. Nenda Kilwa Masoko kwa Athumani. Gari lake nililiharibu mimi."
Kiburi au ukweli? Sijui. Nimerudi na wasiwasi zaidi kuliko nilivyokwenda.

Jumamosi, 17 Agosti
Masoko. Bwana Athumani anauza samaki kwa jumla. Bado ana uchungu. Fundi Selemani aliipasua injini yake wakati wa kuifungua. Nikamuuliza alijuaje kuwa ni kosa la fundi.
"Alinipigia mwenyewe, siku ile ile. Akahangaika miezi mitano mpaka akapata nyingine."
Nikauliza kama angempa kazi tena.
"Gari langu la pili liko kwake sasa hivi."

Jumanne, 20 Agosti
Landrova imevutwa kwenda Somanga. Kaka hajanisemesha tangu asubuhi. Ua umekuwa mpana, sipendi kuutazama. Naogopa. Nikiwa nimekosea, macho ya baba hayatangoja fundi mwingine.

Alhamisi, 29 Agosti
Nilikuwa nafua. Simu ya Fundi Selemani. Amevunja kioo cha mlango wa kushoto alipokuwa anautoa. Kosa lake, atatafuta kingine. Sikuwa nimemuuliza chochote.
Nimemweleza baba. Amecheka, kisha akaomba chai. Tumekaa barazani mpaka adhuhuri. Nguo zilibaki kwenye beseni.