Omena, Ngege, Mbuta na Chumba Changu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shule zimefungwa na nyumba ya dada yangu Benta imepasuka kama gunia. Vichezeo kila mahali! Asubuhi nimekanyaga kigari cha plastiki nikateleza kutoka jikoni mpaka kwenye kochi. Mtu mwingine angevunjika kiuno. Mimi nilisimama wima, na chai haikumwagika hata tone.

Aliyemwagika ni Wafula, bwana wa Benta. Amesema mezani, watoto wakisikia: kile chumba kidogo cha nyuma kiwe stoo ya vichezeo. Fundi Shitanda aje Jumamosi aweke mashelfu kuta zote nne. Nikauliza, na kitanda changu? Akasema, "Shemeji, uliposhuka hapa Nyamasaria ulisema wiki mbili. Sasa ni mwaka wa tatu." Eti Asembo Bay nilikotoka haijahama.

Haijahama, kweli. Kilichozama ni boti yangu — na hiyo si habari ya kuandika leo.

Nimemjibu: mpaka Jumamosi sakafu itakuwa safi, na Shitanda utamtafutia kazi nyingine. Akasema sawa. Siogopi! Mimi niogope doli?

Jumanne, 5 Agosti

Kazi imeanza. Pale Asembo nilikuwa nachambua samaki wa boti kumi na mbili kabla jua halijapanda, nimefumba macho. Watu walivuka kutoka Uganda kuja kunitazama tu. Na kanuni ni moja: saizi. Omena huku, ngege pale, mbuta kivyake. Nani amewahi kuchanganya omena na mbuta kwenye beseni moja?

Basi. Vidogo vyote — omena. Vya katikati — ngege. Vikubwa — mbuta. Nyavu kuukuu nilizokuja nazo nimezishona mifuko mitatu, nikaitundika kwenye mbao za dari pale sebuleni. Mafundo yangu hayo! Unaweza kula ugali sakafuni.

Maryanne, mtoto mkubwa wa Benta, miaka minane, akauliza kama tutaandika majina. Nikamwambia samaki haandikwi jina.

Wafula aliporudi kutoka kazini alitazama juu, akatazama chini. Ha!

Jumatano, 6 Agosti

Vurugu.

Doli ni mbuta, kitanda chake ni ngege, viatu vyake omena. Lori ni ngege, matairi yake omena. Walubengo, mdogo wake Maryanne, ana miaka minne, anataka lori moja tu, mimi nashusha nyavu tatu. Nimeshusha na kupandisha mara kumi na tisa! Kabla ya chakula cha mchana vyote vilikuwa chini tena.

Maryanne akaniambia kwa heshima sana, "Anko, lori si samaki. Ukilitoa matairi, litaendaje?" Benta alikuwa jikoni, akacheka mpaka akakohoa. "Omera, ndugu yangu, ni wapi uliona mtu akiuza samaki huku na mifupa yake kule?"

Nikamwuliza, na mgongo wazi pale soko la Kibuye ni nini? Nyama imeenda kiwandani, mifupa iko kwa karai inakaangwa! Akageukia jiko. Lakini mabega yalikuwa bado yanacheka.

Mimi sikukosea. Vichezeo ndivyo vimetengenezwa vibaya.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimebadilisha kanuni. Si kwa sababu nilikosea — bosi wa bichi, pale boti zinaposhusha samaki, anabadilisha akitaka.

Sasa ni boti. Boti hulala na kasia yake, wavu wake, taa yake, na kopo la kuchotea maji. Huwezi kupeleka kasia kwa jirani. Basi nimeshona vifuko kumi na nne, kila kifuko boti moja. Doli na viatu vyake na kitanda chake. Lori na matairi na mchanga wake (mchanga nimekataa, Walubengo amelia, mchanga umeingia). Vinaning'inia chini kidogo, watoto wavifikie wenyewe. Na sheria: boti moja iingie kwanza, ndipo nyingine itoke.

Nikawaambia ile ya mbuta wa kilo mia tatu aliyenivuta mpaka Uganda na kunirudisha kabla chai haijapoa. Huyo humeza boti zinazochelewa kurudi. Walubengo akahesabu matairi mara mbili kabla hajafunga kifuko.

Sijawahi kuona nyumba imetulia hivyo. Benta alipita, akagusa fundo moja kwa kidole, akaenda zake.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya pili sakafu safi. Wafula alipiga magoti akachungulia chini ya kochi, akainuka na vumbi kwenye suruali. Hakupata kitu.

Nikasema, haya, mwambie Shitanda asije. Akasema mbao zimeshakatwa. Nikasema vichezeo vimepata mahali. Akasema, "Shemeji, mbao zimeshakatwa," na hakunitazama.

Basi si vichezeo. Ni mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa kitandani. Komeo nimetia.

Watoto wako humu ndani na mimi. Wamekuja wenyewe, sikuwatuma! Wameleta boti zote kumi na nne, wamezitundika kwenye misumari juu ya kitanda changu. Shitanda yuko nje na mbao zake na tepu. Wafula amegonga, "Shemeji, fungua, usimpotezee mtu siku." Walubengo akamjibu babake, "Bichi imefungwa!" Shitanda amecheka. Wafula hajacheka.

Nimemwambia kupitia mlango: ulitaka stoo? Hii hapa, imejaa, na mwenye stoo yuko ndani. Akasema mimi ni mtu mzima, nisijifiche nyuma ya watoto. Hiyo imeniuma. Nimewaambia watoke, Maryanne amekataa. Amekaa amekunja mikono kama mamake.

Benta amefika. Najua sauti ya slipa zake. Anamwuliza Shitanda anapima nini.

"Kuta zote nne, Mama."

"Pima mmoja," Benta anasema.

"Mama?"

"Ukuta mmoja. Ule wa dirisha."

Kitanda changu hakiko upande wa dirisha; basi kinabaki.

Wafula anamwita, polepole, "Benta." Slipa zinabaki pale pale. Nimesimama, mkono kwenye komeo, nikiandika kwa mkono ule mwingine. Sifungui bado. Mtu hapo nje amevuta pumzi, ndefu, kama anayetaka kusema jambo, na sijui ni yupi kati yao.