Vibao vya Vinzenz

Baba Vinzenz,

Supu ya madonge ya unga iko jikoni, ipashe moto. Usiingie peku, kuna vigae vya kikombe chako cha bluu. Nimekivunja mimi, tena kwa makusudi.

Asubuhi ulipokuwa zizini ukikamua, nilishusha vile vibao vya mwanetu, alivyokuwa akibana kwenye ski apande mlima wa theluji, nivipanguse vumbi kama kila mwaka siku kama ya leo aliyotutoka. Nikakuta skrubu za kupimia urefu wa kiatu zimesogezwa. Tangu tumzike hakuna aliyezigusa! Viatu vyake tulivigawa, kipimo cha mguu wake kilibaki hapo tu. Nikajua umempa mtu avitumie. Kikombe kikaenda ukutani.

~~Usinitafute leo.~~

Halafu nikaleta kiatu changu cha ski, nilinganishe, nijue ni mguu wa nani. Kikaingia sawasawa, kisigino kikanyanyuka kama alivyokuwa akipanda yeye. Kumbe umevirekebisha kwa ajili yangu, mzee wewe, ukashindwa kufungua mdomo! Mwaka jana nilisema, "Laiti na mimi ningefika kwenye msalaba wake wa kumbukumbu kule kileleni." Nilidhani umelala.

Nimevibana kwenye ski zangu za kuteremkia, natangulia. Fungia ng'ombe, unifuate. Beba bisibisi. Kule juu lazima tuvitoe, visigino vibanwe tena, ndipo tuteremke, basi hapo hapo tuvirudishe kwenye kipimo chake. Soli ya kiatu chake, milimita mia tatu na kumi na tano. Usiniulize kama nina hakika.

Mama Vinzenz