Anayebisha Hodi kwenye Boma la Maneno

Dada Gati,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimevaa soksi mbili mbili na sweta la marehemu mume wa bibi ninayemtunza, kwa hiyo salamu yangu ina joto la kuazima. Hamjambo wewe na watoto? Mashine ya kutolea kopi imepona, au bado unaipiga ngumi ubavuni? Mguu wa mama unaendeleaje? Na baba bado anameza dawa zake kwa kujificha kama anaiba sukari? Mimi ni mzima, ila huku Ujerumani wakati huu wa mwaka taa zinawashwa mchana, na watu wanapishana bila kusalimiana. Mtu akitaka kuingia anabonyeza kengele tu, halafu anasubiri kimya. Nimekaa huku muda mrefu na bado sijazoea mlango usiosema kitu.

Nimeituma barua hii kwenye kompyuta ya dukani kwako kwa sababu kwenye simu ungenikatiza katikati uniulize kama nimekula. Nimekula. Ichape, kaa chini, uisome mpaka mwisho. Usimsomee baba kwanza. Mwishoni nitakwambia la kufanya.

Umenieleza kwamba wazee wameshakaa, na Jumamosi watazika mgomba kwa jina la mdogo wetu Marwa. Nimeelewa. Miaka miwili imepita tangu lile shimo la wachimba dhahabu liporomoke. Walitolewa watatu, na yeye aliyesemekana kuwa wa nne hakuonekana, hata kiatu chake. Baba anataka kijana wake awe na mahali pa kulala. Mama hataki kulilia shina la mgomba lililofungwa shuka. Mimi siku zote nimekuwa upande wa baba, unajua. Lakini leo nakuomba uwaambie wasubiri kidogo tu, mpaka Jumapili jioni ipite, kwa sababu mgomba ukishafukiwa, kwetu Marwa ni marehemu, na hata akitokea barabarani watu watamkimbia.

Sababu yangu inatoka kwenye ule mchezo wa kompyuta ambao ulikuwa unasema unatupotezea muda. Usikunje uso, dada. Nitakuelekeza taratibu, kama Marwa alivyonielekeza mimi.

Mchezo wenyewe hauna picha hata moja. Ni maandishi matupu kwenye kioo cheusi. Unasoma mahali ulipo, kisha unaandika unachotaka kufanya, na kompyuta inakujibu kwa maneno. Wenzako nao wako humo wakati huo huo, mmoja yuko Brazili, mwingine Ufilipino, na mkisimama mahali pamoja mnaweza kuongea. Ukiandika *tazama*, unaelezwa kilichopo. Ukiandika *nenda kaskazini*, unakwenda. Ukitaka kuongea unaandika *sema*, halafu maneno yako. Ukiandika *nani*, unapewa orodha ya majina ya walio ndani. Na ukichoka au ukiogopa unaandika *toka*. Hayo matano yanakutosha. Mengine ni ya kupigana na mazimwi, hayakuhusu.

Mimi mwanzoni nilichekwa sana. Nilipofika kijiji cha kwanza cha mchezo niliambiwa mbele yangu kuna nyumba, mlango uko wazi. Wazungu wanaandika *nenda ndani* kwa lugha yao na wanapita. Mimi niliandika *sema hodi*. Kimya. Nikasema tena. Siku tatu mfululizo nilikuwa naingia kwenye mchezo, nasimama pale mlangoni, nabisha hodi, naondoka. Watu wakaanza kunipita wakidhani ni aina ya mzimu wa pale kijijini. Marwa alipogundua alicheka mpaka akakaa chini. "Bhoke, hiyo nyumba haina mtu," aliniambia kwenye simu. "Nimekuona umesimama hapo nikafikiri kompyuta imeganda." Nikamjibu kwamba hata kama haina mtu, mimi siingii kwa mtu bila kuitikiwa, mama hakunizaa hivyo.

Basi yeye akaenda akaomba ruhusa kwa msimamizi wa mchezo, akajenga boma letu la Nyarero humo ndani. Kwa maneno, dada. Kila kitu kipo, kwa Kiswahili. Ukisoma unaona zizi, kihenge cha mtama, jiwe la kusagia la bibi lenye ufa, nyumba ya mama yenye bati lililokunjwa pembeni. Kwenye lango akaweka sheria yake mwenyewe, akasema ni kwa heshima yangu. Mgeni akifika hawezi kupita wala kusema neno jingine lolote isipokuwa *hodi*. Aliye ndani anaisikia hodi hiyo bila kumwona mtu. Akiandika *karibu*, lango linafunguka. Asipoandika, mgeni anabaki nje.

Wakati ule ulikuwa utani wetu. Nilikuwa natoka kazini nimechoka, nabisha hodi Nyarero, na Marwa akiwa kwa mjomba kule Issenye, kwenye simu yake ndogo, ananiitikia karibu. Tunakaa humo uani kwa maneno, tunakusengenya wewe.

Halafu ikaja siku ya mtamba. Unaikumbuka kuliko mimi, wewe ulikuwepo. Marwa alimtoa mtamba zizini baba akiwa msibani, akauza, akanunua kompyuta. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba baba alisimama langoni na fimbo, akamwambia, "Wewe mura, usije ukabisha hodi kwangu tena." Usilolijua ni kwamba jioni ile Marwa aliingia kwenye mchezo, akatoka nje ya lango la boma letu. Aliniandikia, "Hapa nimekuachia wewe, mimi nimeshakatazwa." Nilimwambia ni hasira za siku moja, baba atapoa. Hakurudi tena humo. Mwezi uliofuata akaenda machimboni, na mengine unayajua.

Tangu alipopotea, kila Jumapili nikitoka kanisani naingia kwenye boma. Ukitoka kwenye mchezo unakuwa kama umelala pale pale ulipokuwa, na ukirudi unaamka hapo hapo, kwa hiyo mimi naamkia uani, ndani ya lango. Nasoma yale maneno yake. Zizi. Kihenge. Jiwe la bibi. Wengine wana picha ya marehemu wao ukutani, mimi nina hicho kioo cheusi.

Sasa soma polepole. Mvua za vuli zilipoanza huko kwenu, niliingia Jumapili moja nikaandika *tazama*. Nimeyasoma maelezo yale mara nyingi mpaka nimeyakariri. Siku zote yalikuwa yanasema, "Kihenge kimesimama karibu na zizi." Siku ile yalisema, "Kihenge kimelalia zizi, mtama umelowa." Nilifikiri macho yangu yamechoka. Siku mbili baadaye ukanipigia simu ukaniambia kihenge kimeanguka na mvua, kimevunja ua wa zizi, mtama umeharibika. Nilikuuliza kimeanguka lini, ukasema Ijumaa. Ulishangaa kwa nini nimekata simu. Nilikata kwa sababu wanaoweza kubadilisha maneno ya boma lile ni watu wawili tu, mimi na Marwa, na mimi sikugusa kitu.

Nilijiambia yuko hai. Nilijiambia amepita Nyarero kimya kimya, akaona kihenge kwa mbali, akaogopa kusogea. Niliwaza hivyo wiki nzima, na nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu. Nikamwogesha bibi wa watu nikiimba, mpaka akaniuliza kama ninaolewa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa uani, ndani ya lango. Saa nane mchana ya huku, kwenu saa kumi. Kioo kikaandika: "Kuna mtu langoni. Sauti inasema: Hodi."

Niliandika *nani*. Orodha ikaja na jina moja tu, langu. Hapakuwa na mtu mwingine kwenye mchezo mzima. Na hodi ikaja tena.

Dada, wewe unajua tulivyolelewa. Hodi haiachwi hewani. Hata wakati ule wa wizi wa ng'ombe mama alikuwa anaitikia kwanza ndipo anauliza ni nani. Lakini unakumbuka pia bibi mzaa baba alivyotukalisha karibu na lile jiwe, akatuambia ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike, maana ukiitika umekubali kufuatana naye. Nilikuwa na mambo yote mawili kichwani, mtu mzima na cheti changu cha uuguzi, nimekaa mbele ya kompyuta mchana, na vidole vimeganda juu ya herufi K. Niliandika *toka*.

Nilimwandikia msimamizi wa mchezo, mzee mmoja mpole wa Kanada. Akajibu kwamba mtu akiingia kama mgeni asiye na jina, orodha haimwonyeshi. Nikapumua. Halafu akaongeza kwamba ametazama kumbukumbu za saa ile na ndani ameona mtu mmoja tu, mimi, ingawa programu hiyo ni ya zamani na mara nyingine inasahau kuandika. Kwa hiyo hata anayeusimamia mchezo hajui.

Jumapili ya pili, saa ile ile, hodi. Sikuitika. Nilikaa nikaitazama kama mtu anayetazama nyoka mlangoni. Jumapili ya tatu, ndiyo hii iliyopita, niliapa nitaitika. Nilinawa uso, nikasali. Hodi ikaja. Nikaandika *karib*, nikashindwa kumalizia. Yule bibi ninayemtunza alikuwa kwenye kiti chake nyuma yangu, yeye hata Kiswahili hajui, wala kioo hawezi kukiona kutoka pale. Akasema kwa lugha yao, "Mfungulie, nje kuna baridi." Sikugeuka kumuuliza anamsema nani. Hodi ikaja mara ya pili, na ya tatu. Kisha kioo kikaandika maneno ambayo sikuwahi kuyaona tangu Marwa alipojenga lile lango: "Aliyekuwa langoni ameondoka."

Nililia, Gati. Nalia sasa hivi ninavyokuandikia. Kama ni Marwa yuko hai mahali fulani, hana pa kubisha isipokuwa pale, na mimi dada yake nimemwacha nje mara tatu. Na kama si mzima, basi ametoka huko aliko akaja mpaka kwenye boma alilolijenga kwa mikono yake, na bado anaomba ruhusa ya kuingia.

Nisalimie mama, mwambie mafuta ya mguu nimeyatuma na yule mwenzangu anayerudi Mwanza, asimgawie kila jirani mwenye goti. Nisalimie shemeji fundi baiskeli, na wanao wote wawili, yule mkubwa aache kuniandikia kwa Kiingereza cha mpakani Sirari. Mjomba wa Issenye na mkewe, ambao Marwa alikaa kwao kama mtoto wao, waambie nawakumbuka, ila hili usiwaambie bado. Na mwalimu wa kwaya, mwambie sauti yangu imeganda lakini ipo.

Sasa la kufanya. Jumapili, funga duka mapema. Washa kompyuta, fungua ile anwani niliyokutumia kwenye simu. Ukiulizwa jina, andika langu. Ukiulizwa neno la siri, ni jina la yule ng'ombe wa bibi mwenye pembe moja, silitaji hapa, unalijua. Utaamkia uani, ndani ya lango. Usiandike kitu. Subiri saa kumi.

Nilikuwa nimepanga mama ndiye akae kwenye kiti. Nimefikiri tena, nikaona mama hakumkataza mtu hodi. Aliyekataza ni mmoja.

Kwa hiyo chukua karatasi hizi uende Nyarero, umsomee baba yote, hata pale nilipomtania. Atakasirika, mwache. Akishanyamaza, umlete hapo dukani kwako Nyamisangura na Jumapili umkalishe mbele ya hiyo kompyuta anayoichukia. Hodi ikija, usimshike mkono na usimwandikie wewe. Herufi ni sita tu. Ataziandika mwenyewe, kwa kile kidole kilichopindishwa na mnyororo wa plau. Lango likifunguka mtaona ni nani ameingia, na mtajua kama mgomba unahitajika. Hodi isipokuja, au yeye asipoitika, zikeni Jumatatu, na mimi nitavua sweta hili nikalie huku kwa adabu.

Mimi niliogopa. Nisameheni.

Ni mdogo wako aliyekuwa ndani na hakuitika,

Bhoke